Haki ya mfungwa na machozi ya aliyeibiwa

Wapendwa, hapa Tanga mfungwa wa ujambazi akishinda kesi, watu hulalamika: "Haki za binadamu ni za wahalifu tu! Na sisi tulioumizwa?" Swali hilo ni halali, nasi hatulibezi.

Lakini tuzisome hukumu zenyewe. Novemba 2015, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu katika kesi ya Mtanzania aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Haikusema hana hatia, wala haikuamuru aachiwe. Ilisema alihukumiwa bila wakili na bila utetezi wake kusikilizwa.

Mwaka 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Wapo walioshangilia. Sisi tunasikitika. Kesi ikiendeshwa ovyo anaweza kufungwa asiyehusika, na mwizi akabaki mtaani.

Kristo alijihesabu pamoja na wafungwa. Basi tunapokwenda kuwatembelea ndugu zetu wa gereza la Maweni, tupitie pia nyumbani kwa walioibiwa. Nao wanangoja kutembelewa.