Lemera: Turbo nyingine haiponyi mota iliyochoka

Gari linaloacha barabara ya kitaifa namba 5 katika bonde la Ruzizi na kuanza kupanda kwenda Lemera, mara nyingi moshi wake unaonekana kabla ya gari lenyewe. Ni moshi wa buluu, mzito, unaonuka mafuta. Ndani mna wamama na magunia ya mihogo, wanafunzi, familia za wahami zinazorudi kuangalia mashamba yao, na pengine mgonjwa anayepelekwa hospitali. Gari likizimika mlimani, wanaume wanashuka kusukuma na mgonjwa anabaki ndani. Jioni patron anapigiwa simu, na jibu lake linajulikana: turbo imekufa, tafuta ingine.

Jibu hilo linakula pesa ya watu bure.

Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye mota, nyingine inasukuma hewa ndani ili mazuti yaungue vizuri. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na unaelea juu ya utando mwembamba wa mafuta yaleyale ya mota. Mafuta yakishapita pale yanateremka kwenye karteri kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoyavuta. Sasa segmenti za pistoni zikiisha, moshi wa ndani unapenya chini na kujaza karteri presha. Mafuta ya turbo yanakosa njia ya kuteremka, yanatoka pembeni na kuungua. Watu wanaona turbo inavuja, wanaihukumu, kumbe kosa liko kwa pistoni. Turbo ingine ikifungwa juu ya mota hiyohiyo, haichukui muda nayo inavuja. (Hapo fundi ndiye atakayelaumiwa.)

Kwa hiyo mwenye pesa kidogo aanze na jaribio lisilo na bei. Mota ikiwa inanguruma, fundi afungue kifuniko cha kutilia mafuta. Upepo ukitoka kwa nguvu, segmenti zimechoka, na pesa ya turbo inapaswa kubaki mfukoni kwanza. Halafu ashike mhimili wa turbo kwa vidole, mota ikiwa imezimwa na imepoa. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, kwa sababu unaelea. Ukicheza mbele na nyuma, au feni ikigusa nyumba yake, hapo kweli turbo imekwisha.

Kufungua mota nzima kunatisha wengi, lakini si lazima kila kitu kinunuliwe kipya. Silinda zikipimwa na kuonekana hazijala sana, segmenti mpya na kusugua silinda vinaweza kutosha, pamoja na kusine mpya za vilebrekini. Pa kubana matumizi ni pengine: pistoni za zamani zilizo nzima, milango, hata rangi. Kupima hakuruki mtu. Fundi anayekisia silinda kwa jicho anauza bahati nasibu, na kazi ya kuchonga ipelekwe mjini kwenye mashine, hata kama gari litalala wiki mbili. Mpaka wa Kavimvira ukifungwa vipuri vinabaki Bujumbura, na kungoja kunauma. Kufungua mara ya pili kunauma zaidi.

Vitu vinavyoua mota iliyotengenezwa vizuri ni vidogo. Bomba jembamba linalopeleka mafuta kwenye turbo likiwa na masizi, turbo inakauka. Lisafishwe au libadilishwe, na gundi ya kuziba isipakwe pale, maana kipande chake kinaweza kuziba tundu. Mabomba ya hewa nayo yanakaa na mafuta ya zamani. Mota ya mazuti ikiyanyonya inaweza kukimbia yenyewe, hata ufunguo ukitolewa haizimiki. Na filtre ya hewa: wakati wa kiangazi vumbi la bonde ni kama unga, na mpira wake ukipasuka, vumbi linasaga feni na segmenti pamoja. Ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa kwenye gari, na ndicho watu wanakipiga-piga ukutani na kukirudisha.

Wako wanaosema dawa ni kuondoa turbo kabisa. Kwenye tambarare gari litatembea. Lakini Ziwa Tanganyika lenyewe liko karibu mita 770 juu ya bahari, na kila hatua ya kupanda hewa inapungua. Pampu ya mazuti iliyopangwa kwa turbo ikiachwa hivyohivyo, inamwaga mazuti mengi kuliko hewa: moshi mweusi, joto, halafu kulasi. Toyota za 2L-T na 1KZ-TE zinajulikana kwa kulasi inayopasuka joto likizidi. Anayeondoa turbo apunguze mazuti, na akubali kubeba watu wachache.

Kwa Lemera jambo hili si la mafundi peke yao. Hospitali yake ndiko Daktari Denis Mukwege alikoanza kazi na kuona jinsi wamama wanavyoteseka katika kuzaa, na tarehe 6 Oktoba 1996 ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Hadi leo mama mwenye uchungu wa kuzaa anategemea gari la abiria lipande. Familia iliyohama imekwisha kuuza mbuzi ili ilipe nauli, na likiharibika njiani haina nauli ya pili.

Anayebana hapa ni patron kuliko dereva. Dereva anadaiwa versema kila jioni, kwa hiyo anachelewesha kubadilisha mafuta, ananunua chupa isiyojulikana imetoka wapi, na akifika juu anazima mota palepale ikiwa moto, badala ya kuiacha ingurume dakika moja au mbili turbo ipoe. Mota iliyotoka garaje nayo inahitaji siku za mzigo mdogo na mwendo wa kadiri ili segmenti zikae, kisha mafuta yabadilishwe mapema. Hakuna dereva atakayefanya hivyo huku akidaiwa versema kamili. Patron aliyelipa matengenezo na kudai pesa yake kesho yake anayavunja kwa mkono wake.

ACCO, shirika la madereva, lingeweza kuwakalisha wenye magari wa njia hii na kukubaliana jambo moja: baada ya mota kufunguliwa, wiki ya kwanza bila versema, na pesa ya mafuta ya kwanza itoke kwa patron.