Vigingi vya Mpaka Katika Kijiji cha Laxton

Watu wengi hudhani kwamba mkulima wa Uingereza tangu zamani amekuwa na shamba lake mahali pamoja, lililozungushiwa ua. Sivyo. Kwa mamia ya miaka mashamba ya vijiji vingi vya huko yalikuwa wazi, na kila mkulima alikuwa na vipande vyembamba vilivyotawanyika, kimoja hapa na kingine mbali, ili udongo mzuri na mbaya uwafikie wote. Hasa katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, Bunge lilipitisha sheria nyingi za kukusanya vipande hivyo na kuvitia ua. Kilimo kilistawi, lakini maskini wengi waliokuwa wakilisha ng'ombe mmoja au wawili katika ardhi ya wote walipoteza malisho.

Kijiji cha Laxton, katika jimbo la Nottinghamshire, kilibaki na mashamba yake wazi. Ramani yake ya mwaka 1635, ambayo ndani yake wamechorwa hata watu wakilima na kuvuna, imehifadhiwa Oxford. Mashamba makubwa matatu yangali yakilimwa, ingawa vipande vimepunguzwa na kupanuliwa. Moja hupandwa ngano kabla ya baridi kali, la pili hupandwa baridi ikiisha, na la tatu hupumzishwa. Mwaka wa pili hupokezana.

Ua hakuna, basi ni nani azuiaye jirani asiibe mtaro mmoja kila mwaka kwa plau yake? Mwisho wa Novemba wazee wa baraza 12, wote watu wa hapo hapo, huenda kukagua shamba lililopandwa ngano. Hupigilia vigingi mipakani, na aliyelima kupita mpaka wake au kuingia katika njia ya majani huandikwa. Wiki ifuatayo baraza liitwalo Court Leet hukaa na kutoza faini. Faini ni ndogo. Pengine kutajwa jina mbele ya majirani huuma zaidi. Si mchezo wa kuigiza: mwaka 1977, sheria ilipoyaondolea mamlaka mabaraza ya namna hiyo, hili liliachiwa yake.

Mwenye ardhi amebadilika mara kadhaa. Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuzia Wizara ya Kilimo; mwaka 1981 ikapewa idara ya mali ya Taji; mwaka 2020 ikauzwa kwa Thoresby Estate, milki ya jamaa ya Manvers. Mwezi wa Novemba wazee hutoka na vigingi vyao.