Kilwa Kisiwani pamoja na mtoto mwenye sikoseli

Kuna swali linalotufikia mara kwa mara, kliniki na hata uani baada ya ibada: je, mtoto mwenye sikoseli anaweza kusafiri na wenzake wakati wa likizo, au ni lazima abaki na bibi? Jibu letu ni kwamba anaweza, mradi safari yenyewe ipangwe kwa kumtazama yeye kwanza. Binti yetu wa pili, mwenye miaka tisa, anao ugonjwa huu, na likizo ya mwezi wa saba tulikwenda naye na hema letu hadi Kilwa.

Watoto walitaka Udzungwa. Walikuwa wamesikia habari za maporomoko ya Sanje, maji yanayoanguka mita 170, na baba yao alikuwa ameshaanza kuulizia nauli. Lakini njia ya kule ni ya kupanda, na maji yake ni ya baridi. Mwenye sikoseli huumizwa upesi na baridi, kiu na uchovu wa kupita kiasi. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu huanza. Milima mirefu kama Kilimanjaro ndiyo isifikiriwe kabisa, maana huko juu hewa yenyewe ni haba. Basi tukageukia kusini. Kilwa Kisiwani ni usawa wa bahari, hakuna mlima wa kupanda, na kuna mambo ya kuona kuliko mbuga nyingi.

Bibi yao hakufurahi. Alisema mtoto mgonjwa hapelekwi kulala hemani. Shangazi naye akakumbusha kwamba ukoo wao haukuwa na ugonjwa huu, yaani umetoka kwa mama. Hili tunalisema kila mwaka na tutalisema tena: mtoto hupata sikoseli kwa kurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili.

Wiki mbili kabla ya safari tulimpeleka kliniki. Daktari alipima wingi wa damu, akatuandikia dawa ya kuzuia malaria na za maumivu, na kusisitiza vidonge vyake vya foliki visikatwe hata siku moja. Malaria kwa mtoto huyu ni hatari kubwa, kwa hiyo chandarua chenye dawa kilitangulia kwenye mzigo kabla ya sufuria. Tulibeba pia dumu la maji la lita 20, kipimajoto, pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini, soksi na sweta. Watu walicheka sweta la kwenda pwani. Anayecheka hajalala hemani upepo wa kusi ukivuma.

Tuliondoka Mbagala alfajiri. Kila baada ya saa moja na nusu tulisimama, mtoto ashuke, anyooshe miguu na anywe maji. Baba watoto alinung'unika kidogo hadi Kibiti, kisha akazoea. Baada ya Ikwiriri tulivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Waliosafiri kabla ya hapo wanakumbuka kivuko cha Ndundu na foleni yake. Somanga tulikula samaki wa kukaanga. Nangurukuru tukaiacha barabara ya Lindi na kushika ya kushoto, na kabla ya kufika Masoko tukaingia Kilwa Kivinje kuiona Hospitali ya Kinyonga. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Tulitaka tu kuijua njia yake kukiwa bado mchana.

Usiku tulilala Masoko, hema likiwa kwenye uwanja wa nyumba ya wageni. Asubuhi tulilipia kibali cha kutembelea magofu, tukapanda mashua. Kutoka Masoko hadi kisiwani ni kama kilomita mbili tu. Kitu cha kwanza kuonekana ni Gereza, ngome iliyoanzia kwa Wareno waliouteka mji mwaka 1505 na kujengwa upya na Waomani. Mbele yake uko Msikiti Mkuu, wa mawe ya matumbawe na chokaa, ulioanza karne ya 11 na kupanuliwa baadaye kwa nguzo na kuba. Kijana wetu mkubwa alidhani majengo ya namna ile yaliletwa na wageni wa Ulaya. Hapo ndipo tulipomweleza kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu sana mji huu, ukiwa na utajiri wa dhahabu ya Sofala; na kwamba sarafu za shaba za Kilwa zimeokotwa hadi Zimbabwe Kuu na, mwaka 1944, katika visiwa vya Wessel kaskazini ya Australia. Alinyamaza kwa muda, jambo ambalo kwake si la kawaida.

Tulipoanza kuelekea Husuni Kubwa, binti alikaa chini. Miguu. Tulimpeleka kivulini, tukampa maji kidogo kidogo, dawa ya maumivu, tukamkanda mapaja kwa mikono ya joto. Homa hakuwa nayo. Angekuwa nayo, au angepumua kwa shida, kupauka ghafla, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, tungerudi mashuani papo hapo na kwenda Kinyonga. Hizo ni dalili za kukimbia hospitali, akina mama, si za kusubiri kesho.

Mama mmoja mzee alitoka nyumbani kwake na mkeka. "Mlazeni hapa wanangu, chini pana unyevu." Akatuletea na madafu mawili. Baba akaendelea na wale wakubwa, nasi tukabaki. Katika mazungumzo bibi yule alisema mjukuu wake naye hulia miguu hivyo hivyo, na macho huwa ya njano. Wamekuwa wakimkanda wakidhani ni baridi yabisi. Mtoto aliitwa, ana miaka minne, mwembamba, viganja vimepauka. Hatukumwambia ana nini, kwa sababu hilo husemwa na kipimo cha damu. Tulimwandikia bibi karatasi ya kwenda nayo kituo cha afya Masoko, na mama wa mtoto alipokuja tukamweleza kwa nini asichelewe. Alituuliza kama ni kosa lake. Tukamjibu kama tulivyomjibu shangazi.

Baada ya saa mbili maumivu yalipungua. Kutembea hadi Husuni hatukumruhusu, naye akalia kwa hasira. Nahodha akasema maji yamejaa, akatuzungusha kwa mashua hadi chini ya jabali, na baba yake akampandisha mgongoni. Akaliona kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogelea la pembe nane linalotazama bahari. Aliuliza kama watoto wa Sultani walikuwa wakipashiwa maji moto.

Atakayekwenda na achukue kanga za kujifunika vizuri, maana ni kijiji cha watu wenye heshima zao, wala si uwanja wa magofu tu. Na achague miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii mkoani Lindi, abiria wakakwama njiani. Mtoto wa sikoseli hawezi kukaa garini namna hiyo bila maji ya kunywa, kwa hiyo dumu la lita 20 lijazwe tena kabla ya kurudi.