Kabla ya kuuza shamba kufuata dawa mpya ya saratani

Wiki chache zilizopita msomaji mmoja wa Moshi alinitumia ujumbe mrefu. Kaka yake, mwenye umri wa miaka 54, alikuwa amegundulika na saratani ya umio, yaani njia inayoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ndugu walishakaa kikao na kukubaliana kuuza nusu ya shamba la kahawa. Kilichowasukuma ni video iliyokuwa ikizunguka kwenye simu, ikisema kuna dawa mpya ya dripu iliyomaliza saratani kwa wagonjwa wote waliopewa, bila kisu wala mionzi. "Daktari, tuambie tu inapatikana wapi, hela tutatafuta," aliandika.

Nilimjibu siku ileile kwa kifupi. Leo namjibu kwa kirefu, kwa sababu maswali kama lake nayapata karibu kila mwezi na nyuma ya kila swali kuna shamba, nyumba au ada ya watoto.

Video ile haikudanganya. Mwaka 2022 madaktari wa Hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, walitangaza matokeo ya wagonjwa 12 wa kwanza waliokuwa na saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana karibu na njia ya haja kubwa. Walipewa dawa iitwayo dostarlimab kila baada ya wiki tatu kwa miezi sita. Uvimbe ulitoweka kwa wote 12. Mwaka 2025 wakatoa matokeo mengine: wagonjwa 49 wa saratani ya puru walikuwa wamemaliza matibabu, na kwa wote 49 uvimbe haukuonekana tena. Nimekuwa daktari kwa miaka zaidi ya kumi na mitano na sijawahi kusoma matokeo ya namna hiyo kwa saratani yoyote ya mfumo wa chakula. Saratani ya puru kwa kawaida hutibiwa kwa mionzi, dawa za kemikali na upasuaji, na wapo wanaobaki na mfuko wa kutolea haja tumboni maisha yao yote.

Kitu ambacho video haikusema ni kwamba wagonjwa wale walichaguliwa. Seli zetu zikijigawa hufanya makosa ya kunakili vinasaba, na zipo protini zenye kazi ya kuyasahihisha. Kuna uvimbe uliopoteza protini hizo, hivyo makosa yanarundikana ndani yake hadi seli zinaonekana ngeni kabisa kwa askari wa mwili. Askari hao wangezishambulia, isipokuwa saratani imewakanyagia breki. Dawa hii inaachia breki. Basi, hakuna uchawi. Ila uvimbe ambao bado una wasahihishaji wake hauonekani mgeni kiasi hicho, na dawa hiyohiyo ikitolewa peke yake kwa kawaida haufanyi kitu. Katika saratani ya puru, wenye uvimbe wa aina ya kwanza ni kati ya watano na 10 tu katika kila wagonjwa 100.

Nao wanajulikana kwa kipimo cha maabara kinachofanywa kwenye kile kinyama kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na najua baadhi ya wenzangu hawaupendi. Tunalalamika kwamba dawa mpya ni ghali, na ni kweli: wakati matokeo ya kwanza yanatangazwa, dozi moja ya dostarlimab iliripotiwa kuuzwa Marekani kwa takriban dola 11,000, na matibabu kamili ni dozi tisa. Hiyo ni zaidi ya Sh200 milioni. Lakini hata ingegawiwa bure kesho asubuhi, wengi wa wagonjwa wetu tusingejua nani apewe, kwa sababu kinyama chao hakikupimwa hivyo, au hakikuchukuliwa kabisa. Kipimo hicho ni sehemu ndogo sana ya bei ya dozi moja. Ningependa kuona kila kinyama cha saratani ya utumbo mpana katika hospitali zetu kubwa kinapimwa hivyo bila mgonjwa kuombwa hela ya ziada, na mifuko ya bima ikilipia bila ubishi. Majibu yake yana faida hata pasipo dawa mpya, kwani humwonyesha daktari familia ambazo ugonjwa huu huenda unarithiwa, ili ndugu nao wachunguzwe mapema.

Sasa nirudi kwa kaka wa Moshi. Ugonjwa wake ni wa umio, na huku kwetu, kuanzia Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania hadi Malawi, saratani ya umio nyingi ni ya seli bapa. Matibabu mengi mapya yaliyovuma Ulaya miaka ya karibuni yalipimwa kwa aina nyingine, ile inayotoka kwenye seli za tezi sehemu ya chini ya umio, ambayo huko kwao ndiyo iliyojaa. Si makosa yao, wanatafiti ugonjwa wanaouona. Ila sisi tukinakili habari bila kuuliza "ni saratani ya seli gani?" tunajidanganya. Hata dawa ya nivolumab, ambayo mwaka 2021 ilionyesha kuwasaidia wagonjwa wa umio wa aina zote mbili, ilipewa watu waliokwisha kupata mionzi, dawa za kemikali na upasuaji. Wangapi wanafika hospitali zetu wakiwa bado wanaweza kufanyiwa upasuaji? Wachache mno.

Kwa mgonjwa ambaye hata uji haupiti, maendeleo makubwa yana umbo jingine. Ni kibomba cha nyavu za chuma kiitwacho stenti, kinachoingizwa kwa endoskopi kikiwa kimebanwa, kisha kinajitanua chenyewe na kufungua njia. Kazi yenyewe kwa kawaida haichukui saa nzima. Hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, imekuwa ikiwawekea wagonjwa wa umio stenti kwa zaidi ya miaka 20, na madaktari wake walionyesha kuwa inawezekana hata pasipo mashine ya eksirei ya kuongozea. Haiponyi saratani, na kila ndugu aambiwe hivyo kabla ya kusaini fomu. Lakini mtu aliyekuwa anakufa kwa njaa mbele ya sufuria iliyojaa anakunywa maji jioni ileile. Sioni kwa nini huduma hii isipatikane kila hospitali yenye endoskopi katika mikoa ambayo ugonjwa huu umekithiri. Haihitaji jengo jipya la kuzinduliwa kwa utepe, na pengine ndiyo maana haizungumzwi sana.

Na hapo tunafika kwenye jambo linaloniuma. Mwaka jana nilimpokea mama wa miaka 38 aliyekuwa akitoka damu kwenye choo kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuwa amepita vituo vitatu. Kote aliambiwa ana bawasiri na kupewa dawa za kupaka, na kwingine akauziwa chupa ya mizizi. Hakuna hata mmoja aliyevaa glovu na kumpima kwa kidole. Mimi nilipompima uvimbe niliugusa mara moja. Ulikuwa umeshasambaa hadi kwenye ini. Kidole chenye glovu ni kipimo cha dakika mbili, lakini mgonjwa anaona aibu, daktari naye anaona aibu au ana foleni, wote wanaafikiana kimyakimya kwamba ni bawasiri.

Nisiwasemee wengine tu. Miaka ya nyuma, nikiwa kijana kazini, nilimpa mzee mmoja omeprazole kwa miezi mitatu mfululizo kwa "vidonda vya tumbo", kwa sababu kila akirudi alisema ameshukuru amepata nafuu kidogo. Alipungua kilo, nikaandika "hali chakula vizuri". Endoskopi ilipokuja kufanyika ilikuwa saratani ya tumbo iliyoziba njia. Dawa zile zinaweza kutuliza maumivu ya saratani kwa muda, ndiyo hatari yake.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na umri wa zaidi ya miaka 40 na dalili za vidonda vya tumbo zikianza sasa au zisipoisha baada ya dawa za mwezi mmoja, au ukiwa unapungua uzito bila sababu, usikubali dozi ya pili kabla ya kuuliza habari ya endoskopi. Kama nyama na ugali vinakwama na sasa umehamia kwenye vyakula laini, usisubiri uji nao ukwame. Hilo ni la kwenda hospitali wiki hii, umri wowote. Damu kwenye choo kwa zaidi ya wiki tatu, au choo kilichobadilika tabia ghafla, omba upimwe kwa kidole na uulize kama unahitaji kolonoskopi. Ukiambiwa "hapa hatuna", omba rufaa iandikwe. Unayo haki hiyo.

Kuhusu chai, wasomaji wa Kilimanjaro wasinichukie. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilisema vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, na watafiti waliowahi kupima chai za watu mkoani humo walikuta zinanyweka zikiwa na joto la juu ya hapo. Tatizo ni moto wake. Iache ikae kidogo.

Lipo pia jambo ambalo halimgharimu mtu dola hata moja. Mwaka 2025, utafiti uliofanyika hasa Canada na Australia kwa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana ulionyesha kuwa waliosimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka mitatu baada ya upasuaji na dawa za kemikali waliishi zaidi. Baada ya miaka minane walikuwa hai 90 katika kila 100, wakati wale waliopewa kitabu cha maelekezo tu walikuwa 83. Mazoezi yenyewe kwa wengi yalikuwa kutembea kwa haraka. Hakuna aliyenitumia video ya habari hiyo.

Kaka wa Moshi alipigwa picha ya CT, ikaonekana uvimbe umeshagusa njia ya hewa na upasuaji hauwezekani. Ndugu walikaa kikao cha pili, mimi nikiwa kwenye simu, na swali la shamba likaulizwa tena. Niliwaambia nisingeuza. Aliwekewa stenti siku ya Alhamisi. Jumapili mdogo wake akanitumia picha ya bakuli la mtori, limebaki tupu, na chini yake ameandika kwamba ulipoa kwanza. Mwezi ujao anakuja Dar es Salaam kuonana na madaktari wa mionzi Ocean Road, na mama yao ameomba aje naye.