Pua ya mbwa isitibiwe kwa kubahatisha

Mbwa hulinda zizi, banda la kuku na duka, lakini akiugua hukumbukwa mwisho. Akitokwa makamasi au damu puani kwa wiki kadhaa, hasa tundu moja, wengi hukimbilia kununua antibayotiki. Makamasi hupungua, kisha hurudi, na mwenye mbwa hununua tena.

Huko ni kutupa fedha. Dalili hizo zinaweza kuwa za uvimbe, au za fangasi aina ya Aspergillus, ambao hauuawi na antibayotiki. Kila wiki inayopotea, fangasi huzidi kula mifupa myembamba ya ndani ya pua.

Ni vyema daktari wa mifugo apime kwanza. Tiba inayotumika sana ni kumlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, kusafisha pua na kuijaza dawa ya klotrimazoli kwa takriban saa moja. Mara nyingi hurudiwa.

Wengi hupona, lakini mifupa iliyoliwa hairudi. Chafya na makamasi vinaweza kujitokeza tena maishani, hivyo mfugaji atenge pia fedha za uchunguzi wa baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta.