Daraja Halikurefusha Mguu wa Mtoto

Siku hizi hapa Kigongo, na hata ng'ambo ya pili Busisi na Sengerema, watu husema kwamba Mwanza imekuwa pua na mdomo. Wasemao hivyo hawasemi uongo. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kuvuka Ghuba ya Mwanza alisubiri feri. Akiwa na bahati alivuka kwa muda wa kama nusu saa, na akikosa bahati alipoteza saa nzima, au mbili na zaidi, akitafuna mahindi ya kuchoma na kuhesabu malori yaliyokuwa mbele yake. Tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na kuvuka kukawa jambo la dakika chache. Ni neema kubwa, na mwenye kuibeza ana lake jambo.

Hata hivyo neema hii imezaa ugonjwa mpya, na ugonjwa huo nataka kuusema waziwazi. Mzazi wa Sengerema au Geita, aliyekuwa hathubutu kuwatoa watoto kwa kuogopa foleni ya feri, sasa anatangaza: "Jumamosi tunakwenda Mwanza na watoto. Tunaondoka alfajiri, tunaona yote, jioni tumerudi." Basi mtoto wa miaka minne anaamshwa saa kumi usiku, anavalishwa viatu vya sikukuu vinavyombana, anapakatwa ndani ya basi, anashushwa Nyegezi akiwa amelala, anaburutwa sokoni, anaburutwa madukani, anaonyeshwa ziwa kwa mbali, anapewa chipsi na soda, anatapika, anapigwa kofi kwa sababu ametapika, kisha anarudishwa. Jioni baba anawaambia majirani kwamba amewatembeza watoto. Amemtembeza nani? Amewasafirisha kama magunia ya dagaa, tena magunia yana nafuu kwa sababu hayachoki.

Daraja limefupisha njia. Mguu wa mtoto umebaki vilevile na urefu wake uleule, na tumbo lake, na usingizi wake wa mchana. Kwa hiyo nasema: safari ya kuwatembeza watoto wadogo mjini ni lazima ipangwe kwa kipimo cha yule aliye mdogo kuliko wote, ipewe walau usiku mmoja au mbili, na isichanganywe na shughuli nyingine yoyote. Asiyeweza masharti haya na awaache watoto nyumbani wacheze; atakuwa amewatendea hisani.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba sisi hatuna pesa za kuchezea. Huyu namwuliza: mwaka uliopita ulichangia harusi ngapi? Ulikaa katika kamati ngapi, ukaandikiwa ahadi, ukafuatwa hadi kazini, ukalipa? Sisemi harusi zisichangiwe, maana jamii isiyochangiana itakufa. Nasema tu kwamba mtu anayeweza kutoa fedha ili watu mia tatu wale pilau usiku mmoja hana haki ya kusema kwamba nauli ya watoto wake watatu ni anasa. Tena mambo mengi ya mjini hayana gharama kubwa. Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini karibu na feri ya Kamanga na kupewa jina la Chansela wa Ujerumani wa zama zile, hutazamwa bure kutoka ufukweni. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane haiwatozi kiingilio watoto wasiotimiza miaka 5. Kinachokosekana aghalabu ni nia, na mahali palipokosekana nia umaskini husingiziwa.

Wa pili atasema: "Mtoto mdogo hatakumbuka chochote." Hoja hii husemwa kwa sauti ya hekima, na ndiyo maana inanikera zaidi. Hakuna mtu anayekumbuka uji aliolishwa akiwa na miaka miwili, lakini mwili alionao leo ulijengwa kwa uji ule. Na si kweli kwamba mtoto hakumbuki. Waulize watoto wa vijiji vyetu wanaujuaje mji. Wengi watakuambia mambo mawili: hospitali na msiba. Waliletwa Mwanza kuchomwa sindano, au waliletwa wakakalishwa kwenye mkeka katikati ya watu wanaolia. Hayo wanayakumbuka barabara. Kwa hiyo mtoto wa Kanda ya Ziwa hukua akiuona mji mkuu wa kanda yake kuwa ni mahali pa maumivu na kilio, ilhali wageni wanaotoka mbali wanashuka kwenye ndege na kwenda moja kwa moja kutazama vitu ambavyo yeye, mwenye navyo, hajaonyeshwa. Hapo ndipo palipo na hasara yenyewe. Mtu hatunzi kitu ambacho hajawahi kufundishwa kwamba ni chake.

Wa tatu atasema tuna ndugu mjini, tutafikia kwao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa heshima zote za undugu nasema kwamba mtoto hupewa jembe siku ya kwanza. Akifika kwa shangazi atasalimia watu wote, atakalishwa sebuleni, ataambiwa asiguse kile na asipande hiki, na wazazi watazungumza habari za ukoo mpaka jua lichwe. Kuwatembelea ndugu ni wajibu na ni jambo jema, ila ni safari nyingine. Kama mna uwezo wa gesti, laleni gesti, kisha mkamsalimu shangazi alasiri moja na zawadi yake mkononi. Na gesti yenyewe ichaguliwe kwa macho ya mtoto: ina vyandarua vizima? Maji yanatoka? Chini yake hakuna baa itakayopiga muziki hadi usiku wa manane? Chumba chenye zulia jekundu na televisheni kubwa hakina faida kwa mtoto aliyekesha.

Sasa niseme juu ya kupakata. Katika mabasi yetu mtoto wa miaka mitano, mwenye uzito wa kumtosha mama yeyote kilio, huhesabiwa kuwa hana mwili. Konda hamhesabu, baba hamlipii, na mama humbeba mapajani njia nzima huku ameshika na mfuko. Akifika mjini amekufa ganzi miguu yote miwili, na hapo ndipo anapoambiwa aanze kutembea. Mnunulieni mtoto kiti. Kikae karibu na dirisha, ili daraja lile tulilolisubiri kwa miaka alione kwa macho yake: maji huku, maji kule, mitumbwi chini. Na mkifika mjini, msipande bodaboda watu wanne kwa mtindo wa mshikaki, bajaji ipo.

Baada ya hapo liko suala la kitu gani kionwe. Kanuni yangu ni moja: jambo moja kubwa kwa siku, tena asubuhi. Mchana jua la Mwanza halina huruma, na mtoto hulala. Alasiri ni ya kucheza tu na kula. Mwenye siku mbili ana mambo makubwa mawili, nayo yanatosha kabisa.

Asubuhi ya kwanza ingefaa iwe ya Saanane. Mashua inachukua dakika chache tu kutoka ufukwe wa mjini. Kisiwa chenyewe kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na jina lake ni la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale kabla. Mwambieni mtoto habari hiyo, kwamba hifadhi nzima ya taifa inaitwa kwa jina la mzee mvuvi, mtu kama babu yake. Kisha mwacheni atazame pimbi wanaoota jua juu ya mawe, na tumbili, na swala. Akitaka kumkodolea macho pimbi mmoja kwa nusu saa, mwacheni amkodolee. Pimbi huyo ndiye safari yake.

Asubuhi ya pili ni ya Bujora, pale Kisesa kwenye njia ya Musoma, penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement kutoka Kanada. Mna ngoma za watemi, mna habari za Bagika na Bagalu na ushindani wao wa kucheza, na mwezi Juni huwa na sikukuu ya Bulabo ambapo ngoma hizo huchezwa hadharani. Mwezi huo mvua za masika zimekwisha na shule zimefungwa, kwa hiyo kalenda yenyewe inawaomba mwende. Ni ajabu mtoto wa Kisukuma amjue mwigizaji wa katuni wa Marekani kwa jina na asijue hata mara moja babu zake walicheza vipi na nyoka.

Kuhusu maji sina mzaha. Sisi watu wa Ziwa hatuna ruhusa ya kusahau. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilikuwa cha kubeba watu mia moja hivi, na waliokufa peke yao walizidi 220. Mara zote mbili watu walikuwa wengi kuliko chombo. Kwa hiyo mzazi anayempandisha mtoto mashuani ana kazi mbili: kuhakikisha kwamba mtoto amevaa jaketi la kuokolea maisha lenye ukubwa wake, si la mtu mzima linalomvuka kichwani, na kushuka mara moja akiona watu wanaongezwa. Atakayecheka na acheke. Vilevile mtoto asiachwe kuchezea maji ya kando ya ziwa penye majani, kwa maana kichocho kipo, na hakitofautishi mtalii na mwenyeji.

Jambo la mwisho linawahusu akina baba wenzangu, na najua halitapendwa. Safari nyingi hizi hupangwa na mwanamume na kubebwa na mwanamke. Baba anatoa nauli, anatamka siku, halafu akifika mjini anakumbuka kwamba ana mtu wa kuonana naye kuhusu vipuri, au kuna mechi Kirumba. Mama anabaki na watoto watatu, mfuko wa nguo, chupa ya chai na poti, akiulizwa kila baada ya dakika tano, "Baba amekwenda wapi?" Safari ya namna hiyo ni biashara ya baba iliyosindikizwa na familia. Vipuri vifuatwe Jumatatu, maadamu daraja lipo na halifungwi. Na kabla ya kuondoka baba mwenyewe, kwa mkono wake, afungashe kanga za kutandika, nguo za kubadilisha, dawa ya homa, maji yaliyochemshwa na vitafunio. Atakayefungasha ndiye atakayejua kilicho ndani, na atakayejua kilicho ndani hawezi kujifanya mgeni mtoto anapolia.

Tulilisubiri daraja lile kwa muda mrefu, nalo limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700 za taifa hili. Itakuwa aibu likiwa ni la malori, mabasi na misiba peke yake. Likizo ya Juni inakuja kila mwaka. Keti na mwenzako jioni moja, mhesabu siku mbili tu, mwulizeni na mtoto anataka kuona nini, kisha mwende polepole kwa hatua zake.