Afya na kompyuta: programu ni mingi, lakini hazisemezane

Kila mwisho wa mwezi, ndani ya vituo vya afya vya inchi yetu, muuguzi mukubwa anakamata rejista zake, anahesabu wagonjwa na kalamu, anajaza fomu za SNIS. Karatasi zinaenda ku biro ya kati ya zone ya afya, na ni pale wanaziingiza ndani ya DHIS2. Programu hiyo ilitoka ku Chuo Kikuu cha Oslo, ku Norvège. Hailipishwe leseni, na zone zetu 519 zinapitisha hesabu zao humo.

Ni kazi nzuri. Lakini hesabu hizo za kila mwezi haziwajue wagonjwa mumoja mumoja. Kinshasa inaweza kuona wamama wangapi walizaa ku zone fulani. Haiwezi kuona kama ule mama aliyetumwa ku hospitali kuu alifika.

Juu ya nini? Miradi inakuja kila moja na tableti yake: SIDA yake, kifua kikuu yake, chanjo yake, dawa yake. Mutu mumoja anaandikwa mara tatu, mara ine, na muuguzi ni ule ule, foleni inamungojea inje. Siku mradi unaisha, tableti inabaki ku kabati.

Zamani hasara ilikuwa wakati tu. Sasa ni franga pia. Tangu mwaka 2023, Leta ilianza kulipia kuzaa bila malipo, kuanzia Kinshasa. Kwa kulipa, lazima kuhakikisha: mama huyu alizaa kweli, na fasi gani? Kama rejista, faktire na DHIS2 hazipatane, kunabaki njia mbili mbaya: hospitali inangojea malipo mpaka inaanza tena kulipisha wamama kichinichini, ao Leta inalipia wamama ambao hawako.

Dawa yake si kununua programu ingine. Kwanza, kila mugonjwa apewe namba moja, juu jina moja linaandikwa namna mbili ku vituo viwili, na mutoto hana kadi ya muchaguzi. Pili, liste moja ya vituo vya afya. Tatu, programu zote zitumie lugha moja ya kupashana habari, kama FHIR, ambayo iko wazi kwa wote. Na zitumike hata bila connexion, juu courant tunaijua.

Kanuni ya dijitali ya mwezi wa tatu 2023 inalinda habari za mutu; namba hiyo isigeuke njia ya kufunua siri ya mugonjwa wa SIDA.

ANICiiS, shirika la Leta la informatiki ya afya, liko. Lipewe nguvu ya kumwambia kila mufazili, mbele ya kusaini: programu isiyosemezana na zingine, hapana. Bila vile, gratuité itabaki ku hotuba, na mama atalipa.